Kirusi cha homa ya mafua kinazimaje protini za seli, na cha kwake kinatengenezwa na nani?

Swali limetoka kwa mwalimu wa baiolojia wa kidato cha sita, mkoani Iringa. Anaandika: "Shikamoo Daktari. Nilipokuwa nafundisha virusi nilisema kirusi cha homa ya mafua kikiingia kwenye seli kinazima utengenezaji wa protini. Binti mmoja akanyoosha mkono: 'Mwalimu, si umetuambia kirusi hakina ribosomu zake? Sasa kikizima, protini zake zitatengenezwa na nani?' Nilimwambia nitamjibu kesho. Kesho imekuwa wiki mbili. Naomba msaada wako."

Marahaba, mwalimu. Kabla hujampa binti huyo jibu, mpe pongezi zangu, maana swali lake liliwasumbua watu wa maabara kwa miaka zaidi ya arobaini, na sehemu yake moja imepata jibu zuri mwaka 2023 tu.

Linalotupotosha ni neno lenyewe, "kuzima", na tuliolizoesha ni sisi wataalamu. Mtu akisikia kuzima anaona swichi: umeme umekatika, mashine zimenyamaza. Ndani ya seli iliyoambukizwa hakuna ukimya huo. Ribosomu, mitambo ya seli inayotengeneza protini, zipo na zinachapa kazi. Kilichobadilika ni kazi zinazoletewa. Chukua baraza la mafundi cherehani hapo mjini kwenu. Kila fundi anashona kwa kufuata karatasi ya vipimo aliyopewa. Akaja mtu asubuhi, akachana karatasi za wateja wote na kuweka za kwake peke yake. Cherehani zinaendelea kulia, mafundi wanatoka jasho, lakini jioni nguo zote ni za mtu mmoja. Karatasi za vipimo ndizo RNA mjumbe, zile nakala za jeni zinazotoka kwenye kiini cha seli kwenda kusomwa na ribosomu. Kirusi cha homa ya mafua hakigusi cherehani. Kinashughulika na karatasi.

Hili linaonekana kwa macho. Nikiwa mwanafunzi wa shahada ya pili nilionyeshwa filamu ya eksirei ambayo sijaisahau mpaka leo. Jaribio lake ni la zamani na ni rahisi kulieleza: unachukua seli zilizoambukizwa na zisizoambukizwa, unazipa kwa nusu saa methionini iliyotiwa salfa-35, ile yenye mionzi, kisha unazivunja. Protini yoyote iliyotengenezwa ndani ya nusu saa hiyo inabeba mionzi, na iliyokuwepo tangu mwanzo haibebi. Unazipitisha protini kwenye jeli ili zijipange kwa ukubwa, unalaza filamu juu yake, unasubiri. Upande wa seli zenye afya ulikuwa na michirizi isiyohesabika, imesongamana toka juu hadi chini, na mmoja mnene katikati: aktini, protini inayoshikilia umbo la seli. Upande wa seli zilizokaa na kirusi kwa saa nane, ule msongamano ulikuwa umefifia mpaka ukawa kama ukungu, na juu ya ukungu huo ikasimama michirizi michache, myeusi tititi: NP, M1, NS1. Zote za kirusi. Weusi wake ndio ushahidi kwamba ribosomu hazikulala hata dakika moja.

Sasa, kuna virusi vinavyofanya kazi hii kwa njia nyingine, na ni vizuri darasa lijue tofauti. Kirusi cha polio kinakata protini ya seli iitwayo eIF4G, ambayo bila yake ribosomu haiwezi kuishika RNA mjumbe kupitia kofia yake. Kofia ni ile nyukleotidi (herufi ya RNA) iliyorekebishwa inayofunika mwanzo wa kila RNA mjumbe wa seli. Ribosomu huitambua hiyo kwanza. RNA ya polio haina kofia, ina njia yake ya pembeni ya kumwita ribosomu, kwa hiyo inaweza kuubomoa mlango wa mbele bila kujidhuru. Kirusi cha homa ya mafua hakiwezi kuthubutu jambo hilo. RNA zake zina kofia kama za seli na zinapita mlango uleule. Akiubomoa, amejibomolea. Ndiyo maana lazima awe mchaguzi.

Na hizo kofia anazitoa wapi? Hapa, mwalimu, ndipo ninapopapenda kuliko pengine pote.

Miaka ya 1970 watafiti waliona jambo lisiloingia akilini. Kirusi cha homa ya mafua kina vipande vinane vya RNA na kina polimerasi yake mwenyewe ya kuvinakili. Kilipaswa kutojali kama seli inanakili DNA yake au hainakili. Lakini ukiitilia seli alfa-amanitini, sumu ya uyoga inayozuia RNA polimerasi II, mashine ya seli ya kuandika RNA mjumbe, kirusi nacho kinashindwa kuzaliana. Kwa nini mwenye mashine yake akwame kwa sababu mashine ya jirani imekwama?

Jibu lilitoka New York, kwa Robert Krug na wenzake Stephen Plotch na Michèle Bouloy. Walikuwa wamegundua kwamba polimerasi ya kirusi ikiwa kwenye tyubu inafanya kazi vizuri zaidi ukiiongezea RNA mjumbe wa globini, protini ya damu, waliyoitoa kwa sungura. Walipoziangalia RNA za kirusi zilizotengenezwa humo tyubuni, mwaka 1979, wakaikuta kofia ya globini ya sungura imekaa kwenye kichwa cha RNA ya homa ya mafua. Kirusi hakijui kutengeneza kofia. Kinapora. Sehemu yake iitwayo PB2 inaishika kofia ya RNA changa ya seli, sehemu iitwayo PA inaikata shingo nyukleotidi 10 hadi 13 kutoka kwenye kofia, na kile kipande kifupi kinakuwa mwanzo wa ujumbe wa kirusi. RNA ya seli iliyobaki, isiyo na kichwa, inaharibiwa. Kwa kitendo kimoja seli imepoteza karatasi na kirusi kimepata.

Hii inaeleza pia kwa nini kirusi hiki kinafanya kazi yake ndani ya kiini cha seli, jambo ambalo ni nadra kwa virusi vya RNA. Kimefuata kofia zinakozaliwa. Polimerasi yake inajibandika kabisa kwenye mkia wa RNA polimerasi II ikiwa kazini, ikingoja RNA changa ichomoze na kuvishwa kofia.

Lakini uporaji wa kofia pekee hautoshi kueleza ile filamu. Kirusi kina silaha nyingine mbili ninazoona darasa lako lizijue.

Ya kwanza ni protini NS1. RNA mjumbe wa seli haiko tayari mpaka ncha yake ya mwisho ikatwe mahali sahihi na kuongezwa mkia mrefu wa A nyingi. Kazi hiyo ina kikosi chake, na mmoja wa wanakikosi ni protini CPSF30. Mwaka 1998 maabara ya Krug ilionyesha kwamba NS1 inamkamata CPSF30 na kumzuia. RNA za seli zinabaki kiini zikiwa hazijamalizwa, hazitoki. Binti yako atauliza mara moja: na mkia wa RNA ya kirusi je? Kirusi hakihitaji kikosi hicho. Karibu na mwisho wa kila kipande cha RNA yake kuna U tano hadi saba zimefuatana. Polimerasi ikifika hapo inakwama na kuzisoma tena na tena, na kila ikizisoma inaandika A. Mkia unapatikana kwa kukwama. Sijui kama kuna mfano mzuri kuliko huu wa kumwonyesha mwanafunzi kuwa tofauti ndogo ya jinsi ya kufanya kazi ileile inaweza kugeuzwa silaha.

Ya pili iligunduliwa kwa kuchelewa ajabu. Kipande cha tatu cha RNA ya kirusi kilijulikana kuwa kinatoa protini moja, PA, ileile yenye mkasi wa kukata kofia. Mwaka 2012 kundi lililowahusisha Paul Digard wa Uingereza na Jeffery Taubenberger wa Marekani likatangaza kwamba kipande hichohicho kinatoa protini ya pili iliyojificha, wakaiita PA-X. Ina ule mkasi wa PA, ila mkia wake ni mwingine kabisa, na haiungani na polimerasi. Ni mkasi unaotembea peke yake, na unachokata ni RNA mjumbe za seli.

Inachokata, na inachoacha. RNA zinazozalishwa na RNA polimerasi II ndizo zinazochanwa. Zile za polimerasi I na III haziguswi, yaani RNA za kujengea ribosomu na RNA zile ndogo zinazoleta asidi amino. Mwambie binti alitazame hilo kwa makini, kwa sababu ndilo jibu la swali lake likiwa wazi kama mchana: kirusi kimebeba mkasi unaochana karatasi na kuziacha cherehani na nyuzi zake.

Inatofautishaje karatasi ya seli na ya kirusi? Maabara ya Marta Gaglia huko Marekani imelifanyia kazi swali hili kwa miaka. Wameona PA-X inaambatana na mitambo ya kuunganisha RNA baada ya kuondoa introni, vipande visivyobeba maelezo ya protini, kwa hiyo RNA zilizopitia kuunganishwa ndizo zinazoumia zaidi. RNA nyingi za seli zetu hupitia huko. Nyingi za kirusi hazipiti. Kisha mwaka 2023 wakaonyesha kwamba PA-X inapenda kukata kwenye herufi nne zinazofuatana, GCUG, ambazo zimejaa kwenye RNA za binadamu na ni chache kwenye za kirusi.

Nisiache pia jambo lililobishaniwa sana. Kwa muda mrefu vitabu vilieleza kwamba ribosomu inazipendelea RNA za kirusi na kuzikataa za seli hata kama zote zipo. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walipima kwa njia inayohesabu ni ribosomu ngapi zimekaa juu ya kila RNA. Waliona RNA ya kirusi haisomwi kwa ufanisi mkubwa kuliko ya seli. Sababu kuu ya seli kushindwa ni kwamba RNA zake zimepungua, huku za kirusi zikijaa. Fundi hana upendeleo. Anashona karatasi iliyo mbele yake. Katika kazi hiyohiyo waliona kuwa RNA za protini zinazozalisha nishati kwenye mitokondria zilinusurika kuliko nyingine. Kirusi kinahitaji seli yenye nguvu mpaka kimalize shughuli zake.

Sasa swali ambalo mwanafunzi wako hakuliuliza, na ningetamani aulize: kwa nini kirusi kijisumbue hivyo? Jibu lililozoeleka ni kwamba kinataka ribosomu ziwe huru kwa ajili yake. Lina ukweli, lakini kwangu mimi halitoshi. Tazama muda. Protini nyingi za seli, kama aktini, zimeshatengenezwa na zinadumu saa nyingi au siku. Ukizuia nyingine zisitengenezwe leo, seli haitahisi upungufu mpaka baadaye, na kirusi kitakuwa kimeshaondoka. Anayeumia papo hapo ni protini ambayo seli haina akiba yake, ambayo lazima itengenezwe upya pale adui anapoingia. Protini hiyo ni interferoni, kelele ya hatari ambayo seli moja inapiga ili majirani wajifungie. Kila mbinu niliyoieleza hapo juu inaangukia kwenye kelele hiyo.

Na hapa historia ina mkono wake. Interferoni iligunduliwa mwaka 1957 London na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, na walichotumia ni kirusi hikihiki cha homa ya mafua, kikiwa kimeuawa kwa joto, juu ya utando wa mayai ya kuku. Majimaji kutoka kwenye utando ule yakaukinga utando mwingine dhidi ya kirusi kizima. Kirusi kizima ni mchokozi dhaifu wa interferoni, na leo tunajua kuna nini ndani yake kinachoizuia.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuja 1998, tena New York, kwa Adolfo García-Sastre, Peter Palese na wenzao. Walitengeneza kirusi kisicho na NS1 kabisa. Kwenye panya wa kawaida kilikuwa dhaifu, hakikuweza kitu. Kwenye panya ambao mfumo wao wa kuitikia interferoni umeondolewa, kikaua. Na maabarani kilikua vizuri kwenye seli za Vero, ambazo jeni zake za interferoni zimepotea. Seli hizo zilitoka kwenye figo la tumbili wa Afrika, ndugu wa karibu wa hao wanaokula mahindi mashambani kwenu. Yaani pale ambapo hakuna wa kupiga kelele, NS1 haina kazi kubwa ya kufanya.

Usije ukawaambia wanafunzi, hata hivyo, kwamba kuzima zaidi ni kuua zaidi. Mimi mwenyewe nilikuwa naamini hivyo. NS1 ya kirusi kilichozuka mwaka 2009 na kuenea dunia nzima haikuwa na uwezo wa kumkamata CPSF30, na bado kirusi kilisambaa. Mabadiliko yaliyorudisha uwezo wa NS1 wa kuzima jeni za seli yalijikusanya katika miaka iliyofuata, kikiwa tayari kinaishi kati ya watu. Na wale waliogundua PA-X walipoiondoa kwenye kirusi chenye polimerasi ya kile cha janga la 1918, panya waliugua vibaya zaidi. Kelele ya hatari ikipigwa bila breki, askari wa kinga wanavamia mapafu kwa wingi na kuyaharibu. Homa, maumivu ya mwili na ule unyong'onyevu tunaoujua sote, kwa sehemu kubwa vinatokana na askari hao.

Mkasi wa PA umeshakuwa pia shabaha ya dawa. Umbo lake lilichorwa mwaka 2009, na mwaka 2018 Japani, kisha Marekani, ziliidhinisha baloxavir, inayomezwa mara moja tu. Inaziba makali ya mkasi; kirusi kikikosa kofia kinakosa ujumbe. Kuna virusi vilivyokwisha kuipunguzia nguvu kwa kubadilisha asidi amino moja tu, ya 38 kwenye PA.

Naona nimeandika mengi kuliko kipindi kimoja, kwa hiyo nikupe kitu cha kuandika ubaoni. PA na PA-X zinatoka kwenye RNA ileile, herufi zilezile. Asidi amino 191 za mwanzo ni zilezile. Kisha ribosomu inafika hapa:

UCC UUU CGU C

Mara nyingi inasoma tatu tatu kama kawaida: serini, fenilalanini, arginini, na mwisho wake ni PA. Lakini CGU ni kodoni inayosomwa kwa kusuasua, na mara chache, kama moja kati ya mia, ribosomu ikiwa imesimama kwenye UUU inateleza herufi moja mbele. Waache wanafunzi wafute C ya kwanza ya CGU kwa kidole, wasome tatu zinazofuata, na watafute kwenye jedwali lao la kodoni. Watapata GUC, valini. Kuanzia hapo hadi mwisho ni maneno mapya, asidi amino 61 katika virusi vingi, na huo ndio mkia wa PA-X. Mwambie binti aende ubaoni yeye.